Sheria ni Msumeno: Misingi ya Waasisi na Siasa Ndani ya Haki

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Mmenitaka nizungumze juu ya mabishano ambayo kwa miaka kadhaa yamepamba moto nchini Marekani, mabishano juu ya haki: nani ashtakiwe, kwa kosa gani, na kwa amri ya nani. Wahafidhina wa nchi ile, yaani wale wanaoshikilia kwamba taifa lao halina budi kurejea kwenye misingi iliyowekwa na waasisi, wamelalamika kwa sauti kubwa kwamba vyombo vya sheria vimegeuzwa kuwa silaha ya siasa. Wapinzani wao nao wamewarudishia lawama ile ile.

Bila shaka wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: mabishano ya watu wa Washington yatuhusu nini sisi? Nina majibu mawili. La kwanza, habari hizi zinatufikia kila siku, nazo zinawafikia wanafunzi wenu kabla hazijawafikia ninyi. Mwalimu anayeulizwa darasani hana budi kuwa na la kujibu. La pili ndilo kubwa zaidi. Kila nchi yenye polisi, yenye mwendesha mashtaka na yenye chama kilichoshika madaraka, inalo swali hilo hilo. Wamarekani wamelijadili hadharani kwa zaidi ya miaka mia mbili, na makosa yao yameandikwa. Mwenye busara hujifunza kwa makosa ya jirani bila ya kumcheka wala kumwabudu.

Waasisi walitaka nini

Tuanze na waasisi wenyewe. Katika Azimio la Uhuru la Julai 4, 1776, watu wa makoloni yale waliorodhesha malalamiko yao dhidi ya Mfalme wa Uingereza. Watu wengi hukumbuka maneno ya mwanzo juu ya usawa wa binadamu, lakini orodha ya malalamiko hawaisomi. Humo Mfalme analaumiwa kwamba amewafanya mahakimu wamtegemee yeye peke yake, kwa muda wa kazi na kwa mshahara. Tena analaumiwa kwa kuwanyima watu haki ya kuhukumiwa na wananchi wenzao, na kwa kuwasafirisha ng'ambo kwenda kujibu mashtaka ya kubuni. Maana yake ni kwamba siasa ndani ya haki ilikuwa miongoni mwa sababu za kudai uhuru tangu siku ya kwanza.

Katiba iliyoandikwa mjini Philadelphia mwaka 1787 ilijaribu kuziba mianya hiyo. Majaji wa Serikali Kuu walihakikishiwa kubaki kazini maadamu wana mwenendo mwema, na mishahara yao isipunguzwe. Bunge lilikatazwa kupitisha sheria ya kumtia hatiani mtu fulani kwa jina, na kutunga sheria ya kuadhibu kitendo ambacho siku kilipotendwa hakikuwa kosa. Mwaka 1791 yakaongezwa marekebisho kumi ya kwanza, yenye haki ya kuwa na wakili na haki ya kutolazimishwa kujishuhudia.

Lakini hatuwezi kupita hapa kimya kana kwamba hatukuona. Waasisi hao walioandika usawa wa binadamu, wengi wao walikuwa na watumwa, na Katiba yao ilihesabu watumwa kuwa ni sehemu tatu kwa tano ya watu wakati wa kugawa viti vya ubunge. Mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, Mahakama ya Juu ilisema kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa Marekani. Kwa hiyo anayesema turudi kwa waasisi anawajibika kueleza turudi kwenye lipi: kwenye msingi walioutamka, au kwenye maisha waliyoishi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alilijibu swali hilo mwaka 1852: aliisuta Marekani bila huruma kwa unafiki wake, na papo hapo akashika maandishi ya waasisi kuwa silaha dhidi ya utumwa. Naona jibu la Douglass ni jema kuliko la wale wanaoyatupa yote na la wale wanaoyasujudia yote.

Adams wa 1770 na Adams wa 1798

Nitawapa mfano wa mtu mmoja, John Adams, kwa sababu ndani yake tunaona wema wa msingi na udhaifu wa mwanadamu.

Machi 5, 1770, askari wa Kiingereza walifyatua risasi katika mji wa Boston, na watu watano wakafa. Mji ulichemka. Adams, wakili ambaye alikuwa upande wa wananchi, alikubali kuwatetea askari wale mahakamani. Kapteni wao aliachiliwa. Kati ya askari wanane, sita waliachiliwa na wawili wakapatikana na kosa dogo kuliko la kuua kwa kukusudia. Adams alijua kwamba haki inayotolewa kwa rafiki peke yake haistahili jina hilo. Miaka kumi baadaye, alipoandika sehemu kubwa ya Katiba ya Massachusetts ya mwaka 1780, aliweka humo lengo kwamba serikali iwe ya sheria na si ya watu.

Sasa mtazameni Adams huyo huyo akiwa Rais. Mwaka 1798 alitia sahihi Sheria ya Uchochezi, iliyofanya kuwa kosa la jinai kuandika maneno ya uongo na ya kashfa dhidi ya Serikali, Kongresi au Rais. Makamu wa Rais hakutajwa katika ulinzi huo, kwa kuwa Makamu wa Rais alikuwa Thomas Jefferson, kiongozi wa upande wa upinzani. Na sheria ilipangiwa kufa Machi 3, 1801, siku moja kabla ya kipindi cha urais kwisha, ili isije ikawageukia wenyewe walioitunga. Wahariri wa magazeti ya upinzani walishtakiwa. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont alifungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000. Wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa gerezani.

Jefferson alipoingia madarakani mwaka 1801, aliwasamehe waliofungwa kwa sheria ile. Lakini watu wake nao hawakukaa na mikono mitupu. Mwaka 1804 walimshtaki bungeni Jaji Samuel Chase wa Mahakama ya Juu, ambaye alikuwa ameendesha kesi za uchochezi kwa upendeleo ulio wazi. Machi 1805 Seneti, ambamo chama cha Jefferson kilikuwa na wingi mkubwa, ilishindwa kupata theluthi mbili za kumtia hatiani. Maseneta kadhaa wa chama kilichotawala walikataa kumwondoa jaji kwa sababu ya siasa zake tu, hata kama hawakumpenda. Kura hizo chache ndizo zilizoamua kwamba jaji wa Marekani haondolewi kwa kuwa hukumu zake zinawaudhi wakubwa. Waliozipiga walikuwa watu wa ndani ya chama, waliokataa kushinda kwa njia ile.

Hoja ya wahafidhina

Sasa tuingie katika hoja yenyewe ya wahafidhina wa siku hizi, nasi tuieleze kwa haki, kama wao wenyewe wangependa ielezwe.

Kwanza, wanasema maana ya Katiba ni ile iliyokuwa nayo ilipopitishwa. Anayetaka kuibadili afuate njia iliyowekwa: theluthi mbili za kila baraza la Kongresi, na kuridhiwa na robo tatu ya majimbo. Marekebisho 27 yamepitishwa kwa njia hiyo. Wanasema jaji anayesoma katika Katiba mambo ambayo hayamo huwa amejifanya mtunga sheria asiyechaguliwa na mtu. Chama cha wanasheria wa mwelekeo huo, Federalist Society, kilianzishwa na wanafunzi wa vyuo mwaka 1982, na baada ya miaka arobaini watu wake walikuwa wamejaa katika Mahakama ya Juu.

Pili, wanasema sheria za jinai zimekuwa nyingi mno hata raia wa kawaida hawezi kujua kama amevunja mojawapo. Hapo mwendesha mashtaka anapata nguvu ya hatari. Anaweza kumchagua mtu kwanza, kisha akapekua vitabu mpaka apate kosa la kumbandika.

Hoja hii haikubuniwa na wahafidhina. Aprili 1940 Robert Jackson, Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Rais Roosevelt, mtu ambaye hakuwa mhafidhina hata kidogo, aliwaambia waendesha mashtaka wa Serikali Kuu kwamba wao wanashika maisha, uhuru na sifa za watu kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi, na kwamba hatari yao kubwa ni kutafuta watu wa kuwashtaki badala ya kutafuta makosa yanayostahili mashtaka. Jackson huyo ndiye aliyeongoza mashtaka ya Marekani dhidi ya viongozi wa Kinazi huko Nuremberg.

Mwaka 1988 maneno ya Jackson yalirudi kwa mdomo wa Antonin Scalia, jaji aliyekuwa nguzo ya wahafidhina. Shauri lilihusu sheria ya mwaka 1978, iliyotungwa baada ya kashfa ya Watergate, ya kuweka mwendesha mashtaka maalumu asiye chini ya Rais. Majaji saba waliikubali sheria hiyo, na hukumu yao iliandikwa na Jaji Mkuu William Rehnquist, naye mhafidhina. Scalia alisimama peke yake. Alisema mtu aliyepewa mshtakiwa mmoja, fedha na muda usio na kikomo, ataishia kupata kosa. Na kwa kuwa hawajibiki kwa mtu aliyechaguliwa na wananchi, hakuna wa kumzuia. Wakati ule wahafidhina ndio waliokuwa wakichunguzwa. Miaka kumi baadaye mwendesha mashtaka wa namna hiyo alimwandama Rais Bill Clinton, na chama cha Democratic, ambacho kilikuwa mtetezi wa sheria ile, kikayaona yale aliyoyaona Scalia. Mwaka 1999 sheria iliachwa ikafa, na hakuna upande ulioililia.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hii inaeleza nusu ya historia ninayowasimulia.

Fundo la hoja hiyo

Lakini, ndugu zangu, ndani ya hoja ya wahafidhina limo fundo, na wengi wao hawapendi kulifungua.

Wanasema mambo mawili kwa pamoja. Wanasema kwamba mamlaka yote ya utendaji yamewekwa mikononi mwa Rais, na kwa kuwa kushtaki ni kazi ya utendaji, mwendesha mashtaka ni mtumishi wa Rais, ambaye naye huwajibika kwa wapiga kura. Papo hapo wanasema kwamba sheria haina budi kuwa sawa kwa wote, na mashtaka yasiwe chombo cha siasa. Je, ikitokea Rais mwenyewe ndiye anayetaja majina ya watu wa kushtakiwa, msingi upi utashinda?

Mwaka 1973 swali hilo liliulizwa kwa vitendo. Oktoba 20 Rais Richard Nixon aliamuru mwendesha mashtaka wa Watergate, Archibald Cox, afukuzwe. Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson alikataa akajiuzulu. Naibu wake William Ruckelshaus naye akakataa, akatoka. Wa tatu kwa cheo, Robert Bork, ndiye aliyetekeleza amri. Julai 1974 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji wanane, watatu kati yao wakiwa wameteuliwa na Nixon mwenyewe, ilimwamuru atoe kanda zake. Mwezi uliofuata Seneta Barry Goldwater, baba wa uhafidhina wa wakati ule, alikuwa miongoni mwa waliokwenda Ikulu kumwambia Nixon kwamba hana kura za kumwokoa. Nixon akaondoka Agosti 9, 1974.

Tokeo la mambo hayo lilikuwa desturi, kwa sababu hapakutungwa sheria ya kuilazimisha. Wakati wa Rais Gerald Ford, Mwanasheria Mkuu Edward Levi aliweka taratibu za kulizuia shirika la upelelezi la FBI lisiwapeleleze watu kwa siasa zao. Na kwa miaka mingi marais wa vyama vyote viwili walijizuia kusema hadharani fulani ashtakiwe. Udhaifu wa desturi ni kwamba haina askari wa kuilinda, ila aibu ya wakubwa. Aibu ikiisha, nayo huisha.

Miaka ya karibuni

Mwaka 2023 Donald Trump, aliyekuwa amekwisha kutoka madarakani, alishtakiwa katika kesi nne za jinai. Mei 30, 2024 jopo la wananchi kumi na wawili wa New York lilimtia hatiani kwa makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara. Wahafidhina walisema kwamba mwendesha mashtaka wa pale, aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama cha Democratic, aliunganisha sheria kwa namna isiyo ya kawaida ili kumpata mtu. Wengine walijibu kwamba rais wa zamani si mtu asiyegusika, na kwamba jopo la wananchi ndilo lililoamua. Julai 1, 2024 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ilisema kwamba Rais hawezi kushtakiwa kwa matumizi ya mamlaka yake ya msingi, pamoja na mazungumzo yake na Wizara ya Sheria. Serikali Kuu iliacha kuziendesha kesi zake mbili baada ya Trump kushinda uchaguzi wa Novemba 2024.

Desemba 1, 2024 Rais Joe Biden alimsamehe mwanawe Hunter, aliyekuwa ametiwa hatiani mwaka ule, akidai kwamba mwanawe ameandamwa kwa sababu ya siasa. Wizara iliyosimamia mashtaka hayo ilikuwa ya serikali yake mwenyewe! Hivyo viongozi wa vyama vyote viwili, katika mwaka mmoja, waliwaambia wananchi kwamba haki ya nchi yao imechafuliwa na siasa. Kila mmoja aliliona doa pale lilipomgusa yeye au mtoto wake.

Januari 20, 2025, siku alipoapishwa tena, Trump alitia sahihi amri ya kukomesha, kwa maneno yake, matumizi ya serikali kama silaha. Siku hiyo hiyo alitoa msamaha kwa watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kwa uvamizi wa jengo la Kongresi wa Januari 6, 2021. Septemba 2025 alimhimiza Mwanasheria Mkuu wake hadharani awashtaki wapinzani wake, akiwataja kwa majina. Mmoja wao, James Comey, mkurugenzi wa zamani wa FBI, alishtakiwa siku chache baadaye. Mwingine, Letitia James, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, alishtakiwa Oktoba. Novemba 24, 2025 jaji alizifuta kesi zote mbili kwa sababu mwendesha mashtaka aliyezileta hakuteuliwa kihalali.

Tazameni ajabu ya mambo. Julai 2024 moja ya kesi dhidi ya Trump, ile ya Florida, ilifutwa na jaji kwa sababu kwamba mwendesha mashtaka maalumu hakuteuliwa kihalali. Wahafidhina walishangilia. Mwaka uliofuata mlango ule ule wakautokea Comey na James, nao wapinzani wakashangilia. Ndipo Waswahili tunaposema kwamba sheria ni msumeno: hukata mbele na nyuma.

Waliokubali kupata hasara

Nimekuwa nikijiuliza kipimo cha msingi ni kipi, kwa maana kila mtu huapa kwa misingi. Nimeona kwamba msingi ni ule unaokutia hasara nawe bado ukaushika. Msingi unaokuletea faida kila siku ni maslahi yaliyovaa kanzu.

Kwa kipimo hicho, mfano bora wa miaka hii ulitoka ndani ya wahafidhina wenyewe. Septemba 2024 Meya wa New York, Eric Adams wa chama cha Democratic, alishtakiwa kwa rushwa, naye akakana. Februari 2025 viongozi wapya wa Wizara ya Sheria waliamuru kesi ifutwe. Hawakusema kwamba ushahidi ni dhaifu. Miongoni mwa sababu walizotoa ni kwamba kesi inamzuia Meya kusaidia siasa ya Serikali juu ya wahamiaji. Kaimu mwendesha mashtaka wa pale alikuwa Danielle Sassoon, mhafidhina aliyewahi kuwa msaidizi wa Jaji Scalia. Aliandika barua ya kueleza kwa nini hawezi kuomba kesi ifutwe kwa sababu hiyo, na Februari 13 akajiuzulu. Mwenzake Hagan Scotten, aliyewahi kumsaidia Jaji Mkuu John Roberts, naye akajiuzulu. Aprili 2 jaji aliifuta kesi, lakini kwa namna ambayo haiwezi kufufuliwa, ili isibaki kuwa fimbo ya kumtishia Meya atii.

Mnaona? Bibi huyu hakuwa mpinzani wa serikali iliyokuwapo. Alikuwa wao. Cheo chake kilikuwa cha kutamanika, na laiti angetii angekwenda mbali. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba sheria ni sheria, akaliamini somo. Ni mrithi halisi wa wale maseneta wa 1805.

Sisi nasi

Ningekuwa mnafiki kama ningemaliza hapa na kuwaacha mkidhani ugonjwa huu ni wa Wamarekani.

Sisi nasi tunao waasisi, na tunao msamiati wa kuwataja. Tunayo maandishi ya msingi, na kila mwenye hoja huyanukuu yanapomfaa. Tena tunayo historia. Mwaka 1983, wakati wa operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, watu walikamatwa kwanza na sheria ikapitishwa baadaye. Wakapelekwa mbele ya baraza maalumu lililokuwa nje ya mahakama za kawaida, na mshtakiwa hakuruhusiwa kutetewa na wakili. Kusudi la operesheni lilikuwa jema: bidhaa zilikuwa zimefichwa na wananchi walikuwa wakiteseka. Lakini wema wa kusudi haukutosha. Mwaka uliofuata sheria ile ilibadilishwa, na mwaka huo huo wa 1984 Haki za Binadamu zikaingizwa katika Katiba yetu. Nalitaja jambo hili kwa sifa, kwa kuwa waliosahihisha walikuwa ni wale wale waliokuwa madarakani, nao hawakungoja washindwe ndipo waone kosa.

Mwaka 2000 Katiba iliongezewa ibara za 107A na 107B juu ya utoaji haki na uhuru wa Mahakama, na mwaka 2005 ibara ya 59B juu ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Ibara hii inamtaka awe huru, azingatie nia ya kutenda haki, azuie matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na aangalie maslahi ya umma. Ni maneno mazuri. Lakini maneno ya Waamerika nayo yalikuwa mazuri. Maneno hayajilindi yenyewe.

Nami nina deni langu katika jambo hili. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya uandishi, nilitumwa kuandika habari za kukamatwa kwa mtumishi mmoja aliyetuhumiwa kula fedha za umma. Nilimwita fisadi katika mstari wa kwanza. Picha yake ilitoka ukurasa wa mbele. Baada ya mwaka na zaidi, mahakama ilimwona hana kesi ya kujibu. Siku moja alikuja ofisini, mzee wa watu, akiwa na kile kipande cha gazeti kimekunjwa ndani ya bahasha. Hakunitukana. Aliniamkia yeye kwanza, mimi niliyepaswa kumpa shikamoo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, habari ya mahakama nayo utaiandika lini?" Niliiandika. Ilitoka mistari michache, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo. Sikuwa nimesema uongo juu ya kukamatwa kwake; nilikuwa nimetoa hukumu isiyo yangu. Hakuna mkubwa aliyeniamuru. Nilidhani ndivyo inavyopendeza.

Ndiyo maana nasema siasa huingia katika haki kwa njia mbili. Ipo amri kutoka juu, kama ya Nixon. Na upo utumishi wa kujipendekeza kutoka chini: karani anayelipeleka jalada hili haraka na kulilaza lile, ofisa anayemkumbuka mfanyabiashara fulani kwa ukaguzi baada ya kusikia amesema jambo mkutanoni, mwandishi anayehukumu kabla ya hakimu. Ya pili ni mbaya zaidi kwa kuwa haina mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Ninyi watumishi, mnapochukua hatua dhidi ya raia, andikeni jaladani sababu ambayo hamtaona haya isomwe na mtu yeyote mahakamani. Sababu isiyoandikika ni dalili ya hatua isiyostahili. Pili, jiulizeni kila mara: kama angekuwa ndugu yangu, au mwanachama mwenzangu, ningefanya hivi hivi? Na kama angekuwa adui yangu, ningemwacha? Tatu, ninyi walimu, wafundisheni watoto tofauti iliyopo kati ya mtuhumiwa, mshtakiwa na mwenye hatia. Ni maneno matatu tu, lakini taifa linaloyachanganya litakuja kujuta.

Sisi wa chama kinachotawala tunahitaji jambo hili kuliko wengine wote. Asiye na madaraka hana uwezo wa kuitia haki siasa hata akitaka. Mwenye madaraka anao, na kishawishi kiko mezani kwake kila asubuhi. Heshima ya chama haipungui mwanachama wake anaposhtakiwa kwa haki, wala haiongezeki mpinzani wake anapofungwa kwa hila. Waliotutangulia walidai uhuru ili sheria imlinde mtu mdogo. Basi na tuilinde nayo itulinde, leo tukiwa na nguvu, na siku yoyote tutakayokuwa hatuna.